Sensa ya oksijeni ya kuungia haifanyi kazi: anza na dalili, si na duka la spea

Sensa ya oksijeni hukaa kwenye eksozi na kuiambia kompyuta ya injini kama petroli imezidi au imepungua. Inayouzwa bila plagi, nyaya zake nne zikiwa wazi, ni nafuu kuliko ya asili, na ikiungwa sawasawa inafanya kazi ileile. Malalamiko baada ya kuifunga ni yaleyale kila gereji: taa ya injini imerudi kesho yake, gari linakula mafuta kuliko mwanzo, skana inaonyesha namba moja isiyosogea. Wengi hukimbilia kununua sensa ya pili. Lakini chanzo mara nyingi si sensa. Ni maungio, au rangi za nyaya zilizochanganywa, au sensa ya aina ambayo gari hilo halikutengenezwa kuitumia. Yote matatu yanapimika kwa mita ya kawaida.

Kwanza kabisa: je, hii ndiyo aina ya sensa ya gari lako?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Sensa za nyaya nne zinafanana kwa macho lakini hazifanani kwa kazi.

Sensa ya oksijeni ya kawaida, ya zirkonia (aina ya kauri), huzalisha volti yenyewe ikishapata joto la kama nyuzi 300 au zaidi. Mchanganyiko ukiwa na petroli nyingi hutoa karibu volti 0.9, ukiwa na hewa nyingi hutoa karibu 0.1, na mpaka wa kati ni 0.45. Sensa za kuungia karibu zote ni za aina hii.

Sensa ya uwiano wa hewa na mafuta ni kitu kingine. Kwenye Toyota inayoitumia, kompyuta ya injini hushikilia volti kwenye nyaya mbili za ishara, kwa mifumo mingi 3.3 na 3.0, kisha inapima mkondo mdogo unaopita. Ukiweka zirkonia ya kawaida mahali pake, haitafanya kazi hata uunge vizuri namna gani. Vilevile hita yake, kipashio cha ndani kinachoipa sensa joto, ina ukinzani mdogo sana, kama omu 1 hadi 3.5 ikiwa baridi, wakati hita ya sensa ya kawaida ya kampuni ya Denso huwa omu 11 hadi 16, na miundo mipya zaidi 5 hadi 10.

Kwa Toyota kuna njia rahisi ya kutofautisha: namba ya spea. Inayoanza na 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida. Inayoanza na 89467 ni ya uwiano wa hewa na mafuta, na hapo usiunge, nunua yenye plagi yake. Vitz, IST, Spacio na Probox zilizoletwa kutoka Japani zinatofautiana kwa injini na mwaka, kwa hiyo usikubali neno la muuzaji kwamba "zote ni moja". Soma namba kwenye sensa ya zamani, au pima hita yake.

Baadhi ya Nissan na magari mengine ya zamani yana sensa ya titania. Haizalishi volti, inabadilisha ukinzani. Nyaya nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano pamoja ni dalili ya kuishuku. Zirkonia haiwezi kuchukua nafasi yake.

Rangi za nyaya

- Denso za Toyota: nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni hasi ya ishara.
- Bosch na NTK: nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni hasi ya ishara.
- Denso za Honda: nyeusi mbili ni hita, nyeupe ni ishara, kijani ni hasi ya ishara.

Tazama waya mweusi: kwenye Toyota ni hita, kwenye Bosch ni ishara. Anayeunga "nyeusi kwa nyeusi" anaweza kupeleka umeme wa betri kwenye mlango wa ishara wa kompyuta. Unga kazi kwa kazi, si rangi kwa rangi. Nyaya mbili za hita hazina chanya wala hasi kwa upande wa sensa, zikibadilishana haidhuru. Za ishara zina upande, na zikigeuzwa gari litalewa mafuta.

Rangi za nyaya za gari, ng'ambo ya plagi, zisikuongoze. Linganisha sensa ya zamani na mpya. Ikiwa rangi za zamani zimeungua, ipime ikiwa baridi: jozi inayoonyesha omu chache ni hita, na nyingine mbili hazitaonyesha kitu. Ile ni ya kutupwa, haina cha kuharibika. Sensa mpya ipime omu kwenye nyaya za hita peke yake, kamwe si kwenye nyaya za ishara.

Vifaa: mita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 (mita ya mshale inavuta mkondo mwingi na kudanganya), skana inayoonyesha namba zikibadilika, na koleo halisi la kubana viungio. Toyota za zamani za Japani ambazo skana haizisomi hutoa misimbo ya hitilafu kwa kumwekamweka kwa taa ukiunganisha TC na CG, matundu namba 13 na 4 ya soketi ya uchunguzi, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Kwenye Toyota hizo 21 ni sensa ya oksijeni, 25 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi, 26 wenye petroli nyingi. Hesabu matundu mara mbili, maana namba 16 ina umeme wa betri muda wote.

Dalili ya 1: Taa inawaka muda mfupi baada ya kuwasha, P0135, P0141, P0031 au P0032

Misimbo hii ya hitilafu, inayosomwa kwa skana, inazungumzia hita tu. Haisemi lolote kuhusu ishara, kwa hiyo usipoteze muda kwenye mchanganyiko wa mafuta. P0135 ni sensa ya mbele ya masega (kisafishaji cha moshi wa eksozi), P0141 ni ya nyuma.

Kinachosababisha, kuanzia kinachotokea zaidi: kiungio kibovu kwenye waya wa hita, fyuzi iliyokatika wakati wa kuunga, hita na ishara zimebadilishana, hita ya sensa mpya ina ukinzani ambao kompyuta haiutarajii, waya umekatika kati ya plagi na kompyuta, na mwisho kabisa, swichi ya hita ndani ya kompyuta imeungua.

Fyuzi ndiyo rahisi, anza nayo. Kwenye Toyota nyingi hita inalishwa na mstari wa EFI, yaani fyuzi ya mfumo wa kupulizia petroli. Ivute, ipime, usiitazame tu kwa macho. Ikikatika tena mara moja baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi: kuna waya wa hita unaogusa bodi ya gari.

Kisha chomoa plagi ya sensa, washa swichi, na upime upande wa gari dhidi ya hasi ya betri. Tundu moja la hita lazima liwe na karibu volti 12. Kwenye baadhi ya magari umeme huo unakuja injini ikiwaka tu, kwa hiyo usihukumu kabla ya kuwasha. Tundu la pili la hita halina umeme. Kompyuta hulishusha kwenye hasi inapotaka hita iwake; waya wake ndio waya wa udhibiti.

Sasa kipimo kinachofichua kiungio. Gusanisha ncha za mita na uandike zinachoonyesha, kwa kawaida omu 0.2 hadi 0.5, hiyo utaitoa. Pima hita kwenye pini za plagi. Halafu pima hita hiyohiyo upande wa sensa, baada ya kiungio. Tofauti ikizidi nusu omu, kiungio hakijashika. Kata, bana upya. Ukipata omu 25 kwenye plagi na 13 upande wa sensa, sensa uliyotaka kurudisha dukani ni nzima.

Ikiwa ukinzani ni sawa pande zote lakini uko mbali na wa sensa ya asili, mathalani 4 mahali pa 13, hakuna cha kurekebisha kwenye nyaya. Sensa hiyo si ya gari hilo, na mkondo wake mara tatu unaweza kuidhuru kompyuta.

Simama hapa ikiwa umeme unafika, hita na viungio ni vizima, waya kutoka plagi hadi kompyuta unapima chini ya omu 1, na bado waya wa udhibiti haushuki injini ikiwaka. Hiyo ni swichi ya ndani ya kompyuta, kazi ya fundi wa elektroniki. Usiunge hita moja kwa moja kwenye hasi ya bodi ili kuizima taa: hita itawaka bila kudhibitiwa, na kauri baridi ya sensa yenye unyevu wa moshi wa asubuhi hupasuka. Na usipeleke volti 12 kwenye waya wa udhibiti "kujaribu". Kompyuta ikiufungua waya huo kwenda hasi wakati huo, umeunganisha betri na hasi kupitia transista yake.

Dalili ya 2: Ishara imekwama karibu na sifuri, moshi mweusi, harufu ya petroli, P0131, pengine P0171

Kompyuta inaona hewa nyingi, kwa hiyo inaongeza petroli. Ndiyo maana gari linalodaiwa "kukosa mafuta" linatoa moshi mweusi.

Sababu ya kwanza baada ya kuunga ni nyaya za ishara kugeuzwa. Pasha injini joto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika mbili ili moshi uipashe sensa, kisha chomoa plagi na upime kwenye pini za plagi upande wa sensa, ncha nyekundu kwenye ishara na nyeusi kwenye hasi ya ishara. Kanyaga mafuta ghafla. Mita ipande juu ya 0.8. Ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza.

Ikipanda vizuri hapo lakini skana inabaki sifuri ukirudisha plagi, ishara inagusa hasi au imekatika upande wa gari. Kagua mahali waya unapopita karibu na eksozi au ulipobanwa na bati la joto.

Ya pili ni uvujaji wa eksozi kabla ya sensa: gasketi ya manifoldi, ufa, au uzi wa sensa usiokazwa. Kati ya mapigo ya moshi, hewa ya nje huvutwa ndani na sensa inaripoti hewa hiyo. Sikiliza injini ikiwa baridi: mlio wa tiki-tiki unaopotea ikipata joto ni dalili yake. Sensa ya uzi wa M18 hukazwa Nm 40 hadi 45. Grisi ya uzi ipakwe kwenye uzi tu, kamwe si kwenye ncha. Nyingi huja zikiwa zimeshapakwa.

Ya tatu ni hewa kweli kuingia kwa pembeni, mpira wa vakyumu uliochanika au gasketi ya intek. Hapo sensa inasema ukweli. Marekebisho ya mafuta kwenye skana yakiwa juu sana kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) na kushuka ukipandisha mizunguko, tafuta huko.

Ya nne inawapata waliolehemu. Sensa inahitaji hewa safi ya kulinganishia, na nyingi huivuta kupitia nafasi ndogo kati ya nyuzi za waya. Lehemu, grisi, mafuta ya injini au dawa ya kusafishia viunganishi vikiziba au kuchafua njia hiyo, volti hushuka siku baada ya siku hata kama ilianza vizuri.

Dalili ya 3: Imeganda kwenye 0.4 hadi 0.5; P0134

Kompyuta nyingi huweka volti ndogo ya kungojea, karibu 0.45, kwenye waya wa ishara. Ukiiona imeganda hapo, sensa haijaanza kuzungumza: waya wa ishara au hasi yake umekatika kwenye kiungio, au sensa ni baridi kwa sababu hita haifanyi kazi. Rudi kwanza kwenye Dalili ya 1. Chomoa plagi: namba isipobadilika kabisa, mkatiko uko kati ya sensa na plagi, au sensa yenyewe imelala. Kwenye magari yasiyo na volti ya kungojea, mkatiko huohuo utaonekana kama sifuri.

Hasi ya ishara isiunganishwe na bodi ili "kuipa ethi nzuri". Kwenye Toyota nyingi inarudi kwenye kompyuta na inapimika chini ya volti 0.1 dhidi ya hasi ya betri, lakini baadhi ya Jeep na Chrysler huinyanyua hadi volti 2.5 kwa makusudi. Ni gari lililokuwa na sensa ya nyaya tatu pekee, lililokuwa likipata hasi kupitia uzi wa sensa, ndilo linalotaka waya wa nne uende kwenye bloku ya injini.

Dalili ya 4: Imekwama juu, P0132, P0172

Angalia namba kamili. Kati ya 0.8 na 1.0, uwezekano mkubwa petroli imezidi kweli: noseli inayovuja, presha ya pampu, filta ya hewa iliyoziba. Tia kipimo: chomoa mpira mmoja wa vakyumu kwa muda. Ishara ikishuka chini ya 0.2, sensa na uungaji ni vizima, acha kuvigusa.

Ikizidi 1.1, si sensa. Zirkonia haizalishi volti hiyo. Umeme wa hita unavuja kuingia kwenye ishara, ama viungio viwili vinagusana ndani ya selotepu, ama rangi zimechanganywa. Zima injini mara moja, toa hasi ya betri, ndipo ufungue. Ikiwa volti 12 zimeshakaa kwenye ishara, rekebisha na upime, na ikibaki haisomi sensa yoyote, kompyuta iende kwa fundi wake.

Dalili ya 5: Inafanya kazi, kisha inapotea na mvua, mtikisiko au joto

Hii ni ya maungio karibu mara zote, na barabara zetu za vumbi na madimbwi huvumbua kila kiungio dhaifu chini ya gari. Kusokota nyaya na kuzungushia selotepu nyeusi hakudumu: gundi huyeyuka kwa joto la eksozi, maji huingia, shaba inakuwa kijani. Kwa ishara ya chini ya volti 1, kutu kidogo tu inatosha kuipotosha.

Kiungo kinachodumu hufanywa hivi. Toa hasi ya betri. Kata plagi ya zamani ikiwa na waya wa kutosha ili urefu wote ulingane na wa asili; ukiwa mfupi unavutwa injini ikitikisika, ukiwa mrefu unalalia eksozi. Kata kila waya mahali tofauti, ukiachana sentimita 3 hadi 4, ili viungio visikae sambamba vikagusana. Ingiza mpira wa kusinyaa wenye gundi kwanza. Menya milimita 8, ingiza kwenye kiungio cha shaba, bana kwa koleo lake, vuta kwa nguvu ya mkono. Ukitoka, ulikuwa haujabanwa. Sinyaza mpira mpaka gundi ionekane pembeni. Nyaya za baadhi ya sensa hata hazishiki lehemu. Fungia maungio juu, mbali na bomba na mbali na waya za koili.

Ikiwa viungio ni imara na bado ishara ni nzito, P0133, hesabu mipito. Kwa Toyota nyingi za zamani, kwenye mizunguko 2,500 ishara ivuke 0.45 mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10. Ikiwa pungufu na ncha ina utando mweupe, uliza kama kuna gasketi iliyowekwa silikoni ya kawaida hivi karibuni. Mvuke wake huua sensa, na mpya itakufa vilevile ukiifunga kabla silikoni haijakauka kabisa. Tumia silikoni iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa.

Dalili ya 6: P0420 baada ya kubadilisha sensa ya nyuma

Sensa ya nyuma huangalia kazi ya masega. Ikiwa masega yameng'olewa au yamekwisha, sensa mpya itaripoti hilo haraka kuliko ile ya zamani iliyochoka. Ishara ya nyuma inayocheza sawa na ya mbele ni habari ya masega. Iliyotulia karibu 0.6 hadi 0.7 ni ya kawaida, si "imeganda". Ikiwa imetulia hivyo na P0420 bado inarudi, kagua uvujaji wa eksozi kati ya sensa mbili.

Mpelekee fundi umeme wa magari pia kama fyuzi ya EFI inakatika na hujaona waya unaogusa, kama kompyuta imepata joto au ina harufu ya kuungua, au kama kuna petroli inayovuja popote karibu na mahali unapopima. Sensa iliyogandia kwenye manifoldi usiilazimishe kwa bomba refu. Uzi wa M18 ukitoka nao, manifoldi nzima inaenda kuchongwa. Mpe fundi namba ya sensa ya zamani, omu za hita ulizopima na mchoro wa waya upi umeungwa na upi. Kwa taarifa hizo hatahitaji kuanza kwa kukuuzia sensa nyingine.